Historia ya Ukoo wa Mbwa na Mbwa-Mwitu

Mbwa wa nyumbani ni tawi la ukoo wa mbwa-mwitu wa kijivu, mnyama aliyeenea tangu majangwa ya Uarabuni hadi Ulaya, Siberia na Amerika ya Kaskazini. Mbwa-mwitu wa Afrika, yule mwenye madoa na masikio ya mviringo aonekanaye Ruaha, hayumo katika nasaba hii. Ni wa jenasi nyingine kabisa.

Nasaba hiyo ilibishaniwa kwa muda mrefu. Mwaka 1758 Carl Linnaeus aliwapa mbwa na mbwa-mwitu majina mawili tofauti ya kisayansi, akimtambulisha mbwa kwa mkia wake uliojikunja kwenda juu. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea ya kufugwa, aliona mbwa wanatofautiana mno kuwa uzao wa mzazi mmoja, akaamini kuwa spishi kadhaa za mwitu zilichangia. Katikati ya karne ya 20 Konrad Lorenz aliandika kwamba mbwa wengi wametokana na bweha, kauli aliyoiacha baadaye. Shaka hizo zilikuwa na msingi: mbwa, mbwa-mwitu na bweha wa dhahabu wote wana kromosomu 78, na wakipandana huzaa watoto ambao nao wanaweza kuzaa.

Jibu lilitoka kwenye vinasaba. Mwaka 1997 Carles Vilà, Robert Wayne na wenzao walilinganisha DNA ya mbwa-mwitu 162 na mbwa 140, na bweha akaondolewa katika orodha ya mababu. Mwaka 2005 ilichapishwa ramani kamili ya jeni za mbwa, iliyosomwa kutoka kwa jike wa aina ya boxer aitwaye Tasha. Ugunduzi uliopindua mambo zaidi ulikuja mwaka 2014. Watafiti walichukua mbwa-mwitu wa Ulaya, wa Mashariki ya Kati na wa China wakitafuta ni yupi aliye karibu zaidi na mbwa, wakakuta hakuna. Kundi lililomzaa mbwa lilikwisha kutoweka. Mbwa-mwitu wa leo ni ndugu wa mbwa, si babu yake, na vitabu vinavyoeleza kila tabia ya mbwa kwa kumtazama mbwa-mwitu aliye hai vinakosea hapo.

Ubavu wa mbwa-mwitu uliookotwa katika rasi ya Taimyr, Siberia, wenye umri wa miaka 35,000, ulisaidia kukadiria wakati wa kutengana: kati ya miaka 40,000 na 27,000 iliyopita. Mwaka 2022 utafiti wa jeni za mbwa-mwitu wa kale 72 ulionyesha kuwa mbwa yuko karibu zaidi na mbwa-mwitu wa kale wa mashariki, upande wa Asia, kuliko wale wa Ulaya. Hata hivyo, mbwa wa Mashariki ya Kati na Afrika wana fungu la pili la urithi, linalofika hadi nusu, linalofanana na mbwa-mwitu wa magharibi. Kama mbwa alifugwa mara mbili, au alifugwa mara moja kisha akapandana na mbwa-mwitu njiani, bado wataalamu wanavutana.

Kutengana kwa damu ni jambo moja na kufugwa ni jingine, na ushahidi wa kufugwa hutafutwa makaburini. Mwaka 1914 wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, walifukua mifupa ya mwanamume na mwanamke waliozikwa chini ya mabamba ya mawe na kunyunyiziwa unga mwekundu. Pamoja nao kulikuwa na mifupa ya mnyama, ambayo ilikaa miaka mingi katika hifadhi ya makumbusho kabla ya kutambuliwa kuwa ya mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka 14,200 hivi. Meno ya mbwa huyo yana mistari iliyolika, na walioyachunguza waliisoma kama alama za distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa wachanga. Alikufa akiwa na miezi saba hivi, baada ya kuugua kwa wiki kadhaa. Mtoto wa mbwa katika hali hiyo haishi muda huo wote bila mtu wa kumpa maji, kumsafisha na kumpa joto, na kwa kuwinda hakuwa na faida yoyote. Ushahidi wa enzi hiyo unaosema mengi kiasi hiki kuhusu watu na mbwa wao ni nadra.

Umri wa kaburi hilo unamweka mbwa mbele ya mifugo yote. Mbuzi, kondoo na ng'ombe walikuja maelfu ya miaka baadaye, pamoja na kilimo. Kwa sababu hiyo dhana kwamba mbwa-mwitu walijifuga wenyewe kwa kula takataka za vijiji haitoshi: vijiji vya wakulima havikuwepo. Huenda waliandama kambi za wawindaji kwa ajili ya mizoga, huenda watoto wao walichukuliwa na kulelewa, au yote mawili. Kwamba upole unaweza kurithiwa haraka kulithibitishwa huko Novosibirsk, Siberia. Kuanzia mwaka 1959 Dmitri Belyaev na Lyudmila Trut walichagua mbweha wa kufugwa kwa kigezo kimoja tu, cha kutoogopa watu. Baada ya vizazi vichache baadhi yao walitikisa mikia na kulamba mikono.

Maisha ya pamoja yalimbadilisha mbwa mwilini. Kwa kawaida mbwa-mwitu ana nakala mbili za jeni inayomeng'enya wanga. Mbwa wengi wana nakala nyingi zaidi, urithi wa kula makombo ya wakulima. Mbwa pia ana msuli uliokua wa kuinua nyusi upande wa ndani, ambao kwa mbwa-mwitu ni nyuzi chache tu. Huko Budapest, watafiti waliwapa mbwa na mbwa-mwitu waliolelewa na watu chakula kilichofungwa kisifunguke. Mbwa waligeuka upesi kumtazama mtu. Mbwa-mwitu waliendelea kuhangaika peke yao.

Kufikia miaka 11,000 iliyopita kulikuwa tayari na matawi matano ya mbwa. Afrika haikuwa na mbwa-mwitu wa kijivu, kwa hiyo mbwa aliingia akiwa amekwisha kufugwa, akapitia Misri, kisha akafuatana na wafugaji kwenda kusini. Basenji wa misitu ya Kongo ni wa tawi la kale sana. Habweki kama mbwa wengine, hivyo wawindaji humfunga njuga ya mbao shingoni, na jike wake hupata joto mara moja kwa mwaka, kama mbwa-mwitu.

Damu nayo imerudi porini. Rangi nyeusi ya mbwa-mwitu wengi wa Yellowstone, Marekani, inatokana na jeni iliyotoka kwa mbwa, kama ilivyobainishwa mwaka 2009.

Lakini kwa ndugu hawa wa porini, mbwa ameleta pia maradhi. Mbwa-mwitu wa Ethiopia, spishi nyingine ya ukoo huu, wamebaki chini ya 500. Katika milima ya Bale kichaa cha mbwa, kilicholetwa na mbwa wa wafugaji, kiliwaua kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990 na tena mwaka 2003. Huko Bale mbwa wa vijijini huchanjwa, na tangu mwaka 2018 mbwa-mwitu wenyewe hupewa chanjo ya mdomo iliyofichwa ndani ya vipande vya nyama ya mbuzi.