Ndugu wawili na roketi ya Jetpac

Jetpac, mchezo wa kompyuta uliotoka Uingereza mwaka 1983, ulizaliwa na udugu kabla ya mtaji. Chris Stamper aliandika programu, mdogo wake Tim akachora. Mwanaanga akaunganisha roketi yake huku akiwalenga viumbe wa angani, na yote yakaenea katika kilobaiti 16 za kompyuta ya ZX Spectrum, nafasi finyu mno! Wapo watakaosema sifa ni ya kompyuta hiyo ya bei nafuu. Lakini wengi waliinunua kompyuta hiyo. Ila wachache sana kati yao walikuwa wameshatengeneza michezo ya mashine za kumbi za burudani, kama ndugu hawa. Wala hawakuwa peke yao: John Lathbury na Carole Ward walikuwamo katika kampuni ya ndugu hao. Hata hivyo, mgawanyo ule wa kazi, msimbo kwa mmoja na picha kwa mwingine, ndio uliobeba mchezo.