Manamba, Korona na Mgosi: Safari ya Kihistoria ya Misimu katika Tanga na Pwani ya Kaskazini ya Tanzania

Ikisiri

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuigawa misimu katika aina tatu: misimu ya pekee, misimu ya kitarafa na misimu zagao. Makala haya yanaupima uainishaji huo kwa kutumia historia ya Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kufuatilia maneno manamba, korona na mgosi, sambamba na mchezo wa kinyume na msamiati wa vyama vya beni, makala yanadai kwamba aina hizo tatu ni vituo katika safari ya neno. Hoja kuu ni kwamba neno linapotoka kituo kimoja kwenda kingine hubadilika pia uhusiano kati ya msemaji na msemwa, na kwamba badiliko hilo hupotea katika fasili za kawaida za kamusi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimujamii nchini Tanzania hukutana na misimu mapema. Hufundishwa kwamba misimu ya pekee ni ya kundi dogo la watu wenye kazi, umri au mahusiano ya pamoja. Misimu ya kitarafa hujulikana katika eneo fulani. Na misimu zagao huenea nchini kote, mingine ikiishia kukubaliwa katika lugha sanifu. Uainishaji huu una manufaa yake, kwa kuwa humwonesha mwanafunzi kwamba kundi la marafiki na eneo la kijiografia ni vigezo viwili tofauti vya utofauti wa lugha. Hata hivyo, hauna kipengele cha wakati. Humweleza msomaji neno lilipo, lakini haumwelezi lilikotoka wala lililopoteza njiani.

Tafiti nyingi za misimu zimeelekezwa Dar es Salaam na Nairobi. Kamusi ndogo ya misimu ya Rajmund Ohly (1987) na kazi ya Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling kuhusu lugha ya mitaani (2006) zimeweka msingi imara wa uchunguzi huo. Katika picha inayotokana na tafiti za namna hiyo, ni rahisi kuiona miji kama Tanga kuwa wapokeaji tu wa maneno yanayotoka jiji kuu. Historia ya Tanga inaonesha vinginevyo.

2.0 Tanga kama Mazingira ya Misimu

Pwani kati ya Pangani na mpaka wa Kenya ni eneo la lugha nyingi. Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili iliyochunguzwa na W. H. Whiteley katika kazi yake ya 1956, husemwa karibu na Kidigo, Kisegeju, Kibondei, Kizigua na, milimani, Kisambaa. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, hivyo maneno huvuka Horohoro na Lunga Lunga bila kusubiri ruhusa.

Juu ya wingi huo wa lugha ziliongezeka taasisi za kikoloni. Katika mwaka 1893 ujenzi wa reli ya Usambara ulianza kutoka Tanga, na njia hiyo ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini; miche 62 tu ndiyo iliyonusurika, nayo ikawa chanzo cha zao lililotawala uchumi wa eneo hilo. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na gazeti la Kiongozi likachapishwa hapo hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo bandari, reli, shamba, shule na gazeti vilikutana katika mji mmoja ndani ya kizazi kimoja.

Uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa 1928 wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji uliathiri namna maneno ya eneo hili yalivyotazamwa. Msamiati uliosikika Tanga uligawanyika katika mafungu matatu: uliolingana na Kiunguja uliitwa sanifu, wa wenyeji wa pwani uliitwa lahaja, na uliotoka kambini, kiwandani na vijiweni ukabaki bila jina la heshima. Fungu hili la tatu ndilo linaloitwa misimu leo. Mpaka wake, basi, uliwekwa kwa kiasi kikubwa na sera ya lugha, na si sifa za maneno yenyewe.

3.0 Misimu Isiyosafiri: Kinyume na Beni

Si kila msimu huondoka katika kundi lake. Kinyume ni mfano wa kale zaidi ulio katika maandishi. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi cha 1870 kilichotokana na Kiswahili cha Unguja, aliweka sampuli za usemi huu, ambamo silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni. Kwa kanuni hiyo kesho huwa shoke, na nyumba huwa mbanyu. Mchezo huu unajulikana katika miji ya pwani kwa jumla, hasa miongoni mwa vijana wanaotaka kuzungumza mbele ya wakubwa bila kueleweka.

Kinyume hakihitaji msamiati mpya. Kinachomtambulisha mwanakundi ni wepesi wa kutumia kanuni, na neno lililogeuzwa halina thamani nje ya mazungumzo yaliyolizaa. Ndiyo maana kinyume kimedumu kwa zaidi ya karne moja na nusu huku maumbo yake machache sana yakiingia katika matumizi ya jumla. Umbo linalofanikiwa kutoka, kama risto katika Sheng, kutokana na stori, huacha kuwa kinyume na kuwa neno la kawaida la kukaririwa.

Beni ilikuwa na hatima nyingine. Ngoma hii, ambayo historia yake iliandikwa na Terence Ranger mwaka 1975, ilienea katika miji ya Afrika Mashariki ikiiga bendi na gwaride la kijeshi. Mashindano ya Marini na Arinoti katika miji ya Tanganyika yalizaa vyeo, majina na vijembe vilivyomtenganisha mwanachama na mpinzani wake. Jina Marini lilibeba fahari ya wanamaji, ilhali Arinoti kwa kawaida huhusishwa na maana ya watu wasio nacho. Vyama vilipofifia, sehemu kubwa ya msamiati huo ilififia navyo. Ulikuwa msamiati wa ushindani, na mshindani akiondoka kijembe hukosa wa kumchoma.

4.0 Manamba na Korona: Misimu ya Shamba

Mashamba ya mkonge yalihitaji vibarua wengi kuliko wenyeji waliokuwa tayari kuajiriwa. Wabondei, Wadigo na Wazigua walikuwa na mashamba yao, na wengi walipendelea kazi za muda mfupi. Waajiri walitafuta watu mbali: Wanyamwezi katika kipindi cha awali, kisha Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde na Warundi. Mwaka 1944 waajiri waliunda SILABU, shirika la kuajiri na kusafirisha vibarua wa mkonge. Mkataba ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi iliyojazwa kwa siku 30 za kazi kabla ya malipo.

Katika mfumo huo mtu aliandikishwa na kupewa namba. Asili inayokubalika ya neno manamba ni hiyo: namba ya daftarini iliyopewa kiambishi ma- na kugeuzwa jina la watu. Uundaji huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Ngeli ya a-/wa- ina kiambishi chake cha wingi, wa-, ambacho hakikutumika katika umbo la neno. Badala yake kilitumika kiambishi ambacho, pamoja na matumizi mengine, huonesha wingi wa mkusanyiko. Mofolojia ya neno hili, kwa hiyo, inalingana na mtazamo wa daftari, ambamo watu huonekana kwa hesabu.

Neno hili halikubaki ofisini. Lilihamia katika vinywa vya wakazi wa miji na vijiji vya Tanga, Muheza na Korogwe, ambako lilimtambulisha mgeni wa kambini, asiye na ukoo wala shamba katika eneo hilo. Hapo likawa la kitarafa, nalo likabeba dharau ambayo mfumo wa daftari haukuhitaji kuitamka. Baadaye likaenea katika Kiswahili cha Tanzania, ambamo huweza kumhusu mtu yeyote afanyaye kazi ngumu kwa ujira duni. Kenya lina maana nyingine kabisa: manamba ni mpiga debe au utingo wa matatu, na halimhusishi na mkonge hata kidogo. Umbo ni lilelile, lakini msikilizaji wa Nairobi na wa Korogwe hawaoni mtu mmoja.

Korona ilipita njia tofauti. Kiwanda cha kuchakata mkonge kiliitwa hivyo kutokana na jina la mashine, Corona. Kwa wafanyakazi wa shamba neno hili halikuwa mzaha wala siri. Lilikuwa jina la kawaida la mahali pa kazi. Halikuvuka sana mipaka ya maeneo ya mkonge kwa sababu kitu chenyewe hakikuwapo kwingine. Tangu mwaka 2020 umbo hilohilo limejulikana nchini kote kama jina la ugonjwa. Hivyo mzee wa Muheza anayesema alifanya kazi korona huweza kumshangaza kijana wa mjini, ingawa neno lake ndilo lililotangulia.

Hatima hizi mbili zinafafanuana. Korona lilitaja kitu, likabaki na kitu hicho. Manamba lilitaja uhusiano kati ya mwajiri na mwajiriwa, na uhusiano wa namna hiyo hupatikana mahali pengi. Uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele cha takribani tani 230,000 mwaka 1964 na kuporomoka baadaye, lakini manamba halikuporomoka pamoja nao.

5.0 Mgosi: Kutoka Lugha ya Jirani hadi Nembo

Katika lugha za eneo la Tanga, mgosi, au mgoshi kwa matamshi ya baadhi ya jamii, ni mwanamume. Kwa msemaji wa Kibondei au Kizigua neno hili si msimu hata kidogo. Linakuwa msimu linapoingia katika mazungumzo ya Kiswahili kama wito wa urafiki: anayeitwa mgosi na mwenzake hukumbushwa kwamba wote wawili ni wa nyumbani. Kaya nayo ina maana ya nyumbani au makazi.

Mpira wa miguu uliyabeba maneno haya mbali. Coastal Union, klabu ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, inajulikana kwa jina la Wagosi wa Kaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la muziki wa kizazi kipya kutoka Tanga lilijiita kwa jina hilohilo, na redio ikalifikisha kila mkoa. Katika safari hiyo wito ulibadilika. Mgosi kinywani mwa rafiki ni mwenzangu. Mgosi kinywani mwa mtu wa mkoa mwingine ni yule wa Tanga. Neno la kujumuisha limekuwa pia neno la kubainisha, na mtani anaweza kulitumia kwa upendo au kwa kejeli.

6.0 Majadiliano

Mifano hii inaonesha mambo mawili. Kwanza, uenezi wa msimu hutegemea chombo kinachoubeba. Kinyume kilikosa chombo, beni ilikuwa na chombo kilichovunjika, ilhali manamba lilibebwa na soko la kazi na mgosi likabebwa na mpira na redio. Utamu wa neno peke yake haulifikishi mbali.

Pili, mwelekeo wa mabadiliko ya maana haufanani. Manamba lilianza kama jina walilopewa watu na wengine, wakati mgosi lilianza kama jina la watu kujiita wenyewe na likachukuliwa na wengine. Uainishaji wa aina tatu huyaweka maneno yote mawili katika kundi la misimu zagao, na hapo tofauti hiyo hufichika. Kamusi inayofasili manamba kwa kifupi kama kibarua wa mashambani haikosei, lakini humwacha msomaji bila kujua kwa nini mtoto aliyezaliwa kambini huweza kuumizwa na neno hilo.

7.0 Hitimisho

Misimu ya Tanga ni kumbukumbu ya kazi, michezo na ujirani wa watu wa pwani ya kaskazini. Aina tatu za misimu zinafaa kuendelea kufundishwa, mradi zifundishwe kama hatua za safari, na kila neno liulizwe maswali matatu: nani alilisema kwanza, nani lilimhusu, na chombo gani kililibeba. Kazi hiyo haiwezi kungoja sana kwa upande wa mashamba ya mkonge. Waliopewa namba ni wazee sasa, na wao ndio mashahidi wa mwisho wa namna neno manamba lilivyosikika kwa mtu aliyeitwa hivyo.