Gari la dizeli linachemsha mlimani? Usikimbilie kufungua hedi

Leo siyo siasa wala mpira. Kuna washkaji wameniomba niweke mahali pamoja maelezo ya kutafuta kwa nini gari la zamani la dizeli linachemsha. Nimekubali, maana huku kwetu Olbalbal gari moja likichemsha mtaa mzima umekosa usafiri. Mimi siyo fundi mwenye cheti. Nimemaliza form four, nikawa saidia fundi Karatu kwa miezi kadhaa, na mengine nimejifunza kwa maumivu.

Maumivu yenyewe ni haya. Mjomba wangu ana mkonga wa zamani. Siku moja tulimpakia mama mjamzito, uchungu umeshaanza, tunampeleka Karatu. Tukiwa kwenye kupanda kuelekea Malanja, mshale wa joto ukapanda, halafu ghafla ukashuka mpaka kwenye baridi. Mjomba akasema, "Afadhali, limepoa." Dakika chache mbele mvuke ukajaa kwenye boneti. Tulikaa kwenye ukungu mpaka gari la watalii likasimama na kumchukua yule mama. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu.

Kesho yake gereji moja ikasema hedi gasketi imekufa. Mjomba akauza ng'ombe wawili, hedi ikafunguliwa, gasketi mpya ikafungwa. Wiki ileile gari likachemsha palepale! Ugonjwa ulikuwa mfuniko wa rejeta uliochoka, pamoja na mbegu za majani zilizoziba rejeta kwa mbele. Mfuniko mpya haufikii hata bei ya mbuzi. Ndiyo maana nasema: anza na vya bei rahisi, hedi iwe ya mwisho.

KWA NINI MILIMA YETU INACHEMSHA MAGARI

Kutoka bonde la Olbalbal mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapanda zaidi ya mita 800, na ukingo wenyewe uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Kule juu maji ya wazi hayasubiri nyuzi 100, yanachemka kwenye kama nyuzi 92. Injini ya dizeli yenyewe kwa kawaida inafanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Umeona hatari ilipo?

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ukiwa mzima unabana maji kwa presha, na maji yenye presha yanachelewa kuchemka. Hata pale ukingoni yatavuka nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Mpira wa mfuniko ukikauka au springi ikilegea, presha inatoka na ulinzi umekwisha. Gari hilohilo Moshi mjini halina shida, likija huku linatoa mvuke.

Jambo la pili ni hewa. Juu kule hewa ni pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na tabo, kama 1HZ ya Land Cruiser (silinda sita, lita 4.2, imeanza kutengenezwa 1990), inapata hewa kidogo. Kama pampu ya dizeli imefunguliwa sana, gari linatoa moshi mweusi, nguvu haiongezeki, joto linaongezeka. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la Olbalbal inaleta hayohayo.

SWALI LA KWANZA: LINACHEMSHA WAPI NA LINI?

Kabla hujashika spana, muulize dereva. Jibu lake ni nusu ya kazi.

- Linachemsha likipanda taratibu na mzigo, tambarare linatulia: shuku feni, mkanda wa feni, au rejeta iliyozibwa kwa nje.
- Linachemsha hata likikimbia kwenye lami, kwa mfano kati ya Makuyuni na Karatu: shuku rejeta iliyoziba kwa ndani, au mpira wa chini wa rejeta unaonyonywa na kujikunja.
- Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi: shuku themostati iliyoganda, maji pungufu, au hedi gasketi.
- Mshale unapanda halafu unashuka ghafla huku injini ina harufu ya joto: SIMAMA. Maji yameisha, kihisio cha joto kiko hewani na hakipimi tena. Hilo ndilo lililotudanganya sisi.

KAGUA KWA MPANGILIO (INJINI IKIWA YA BARIDI)

1. Maji. Fungua rejeta uone yamefika wapi. Kama yanapungua, tafuta alama nyeupe au za kutu kwenye mipira, kwenye klipu zake na chini ya pampu ya maji. Pampu ina kitundu kidogo kwa chini. Kikidondosha maji, sili imekufa na pampu inaomba kubadilishwa.

2. Mfuniko. Angalia mpira wake kama umepasuka au umekuwa mgumu. Nunua wenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu yake, usichukue wowote unaoenea.

3. Mkanda wa feni. Ukilegea au ukiwa na mafuta unateleza, na mara nyingi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji.

4. Feni. Magari mengi ya aina hii feni yake inashikwa na klachi yenye mafuta mazito. Zima injini, izungushe kwa mkono. Ikigoma kidogo ni nzima. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama pangaboi, klachi imekufa.

5. Rejeta kwa nje. Mulika tochi upande mmoja, angalia upande wa pili. Usipoona mwanga, imeziba. Huku kwetu ni mbegu za majani, matope na lile vumbi laini la majivu ya volkano. Osha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Presha kubwa inalaza mapezi yake.

6. Rejeta kwa ndani. Angalia sufuria yako ya chai ilivyo na ukoko mweupe. Ukoko huohuo unaganda ndani ya vijia vya rejeta ukitumia maji yenye chumvi na magadi. Endesha gari lipate joto, zima, pitisha mkono karibu na uso wa rejeta bila kugusa feni. Sehemu zenye ubaridi ndizo zilizoziba. Tumia kulanti, au angalau maji ya mvua.

7. Themostati. Kama mpira wa juu wa rejeta unabaki baridi wakati mshale umeshapanda, huenda haifunguki. Itoe, ifunge kamba, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uone kama inafunguka. Angalizo kwa watu wa milimani: namba iliyochongwa juu yake ni joto la kuanza kufunguka. Ya nyuzi 88 (kama ya Land Rover 300Tdi) ukiipima ukingoni itaanza kufunguka maji yakikaribia kabisa kuchemka, kwa hiyo usiitupe bure. Na usikubali kuambiwa "itoe kabisa". Kwa baadhi ya injini ndiyo inayoziba njia fupi. Ukiitoa, maji mengi yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Wenye 300Tdi mkumbuke pia kutoa hewa kila mkijaza maji upya. Kuna plagi juu ya nyumba ya themostati kwa kazi hiyo. Hewa ikibaki ndani gari litachemsha hata kama kila kitu ni kipya.

SASA HEDI GASKETI

Ikiwa hayo yote ni mazima, ndiyo uanze kuiwaza. Dalili zake:

- Mapovu yanaendelea kutoka kwenye rejeta injini ikiwaka, hata maji yakiwa bado ya baridi.
- Mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha asubuhi.
- Oili kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa.
- Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, na maji yanapungua bila kuvuja nje.

Fundi akikwambia "hedi gasketi", mwombe akuonyeshe dalili mojawapo kwa macho yako. Akishindwa, usiuze ng'ombe. Ila usipuuzie pia: gari lililochemshwa mara nyingi gasketi inaweza kufa kweli, na hedi ya aluminiamu kama ya 300Tdi inapinda haraka kuliko ya chuma ya 1HZ.

LIKISHACHEMSHA NJIANI

Mshale ukianza tu kupanda, punguza mwendo, shusha gia, fungua hita yote. Utatoka jasho lakini hita inapunguza joto la injini. Ukiona mvuke, egesha na uzime.

USIFUNGUE MFUNIKO WA MOTO. Nimemuona kijana aliyeungua uso na kifua kwa sekunde moja. Subiri angalau nusu saa, mpaka uweze kushika mpira wa juu bila kuuona mgumu. Weka kitambaa kinene, zungusha kidogo mpaka kituo cha kwanza, acha presha itoke, ndiyo ufungue. Maji ya baridi usiyamwage kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupasuka. Acha ipoe, washa, ongeza kidogo kidogo.

Mjomba sasa ana mazoea yake. Kila akitaka kupanda Malanja anasimama chini, anafungua boneti, anapitisha mkono mbele ya rejeta kutoa mbegu, anagusa mkanda. Dakika tano tu. Abiria wananung'unika. Anawaambia, "Kuna mama alikaa hapo juu kwenye ukungu, nyinyi subirini."

Mafundi na madereva wa njia hii, kama kuna nilichokosea au kusahau, semeni hapa chini tusahihishane. Safari njema wadau.