Jumuiya ya Afrika Mashariki

Jumuiya ya Afrika Mashariki ni muungano wa kiuchumi na kisiasa wenye makao makuu Arusha, Tanzania. Mizizi yake ni ya kikoloni: Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikafuata miaka ya 1920. Jumuiya ya kwanza iliundwa na Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1967, ikarithi reli, bandari, posta na shirika la ndege la pamoja. Ilidumu miaka kumi tu. Baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda mwaka 1971, Rais Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye meza moja, hivyo kikao cha marais wa jumuiya hakikufanyika tena. Tanzania na Uganda nazo zililalamika kwamba Kenya ndiyo inayonufaika zaidi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983, na kugawana mali kukazua ugomvi kama wa mirathi, hadi mapatano ya mwaka 1984. Mkataba wa kuifufua ulisainiwa tarehe 30 Novemba 1999. Wanachama sasa ni wanane, Somalia ikiwa ya mwisho kujiunga (2024). Sarafu moja, iliyokubaliwa mwaka 2013, bado haijapatikana.