Mwalimu wa Mazoezi au Simu?

Vijana wetu hapa Rwekubo wanatuuliza: ikiwa programu ya simu inahesabu hatua, mwalimu wa mazoezi ni wa nini? Tuitazame historia.

Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa chenye jina lenye maana ya "kipima hatua elfu kumi". Zile hatua 10,000 tunazodaiwa na simu zilianzia kwenye jina hilo la biashara.

Sasa tuje Uganda kwetu. John Akii-Bua, askari polisi, alikuwa akikimbia mbio fupi za kuruka viunzi, akakosa nafasi ya Olimpiki ya 1968. Kocha wake Mwingereza, Malcolm Arnold, akamwelekeza kwenye mita 400. Mwaka 1972 mjini Munich alipata dhahabu kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mwaka 1979, vita vilipoingia, naye akawa mkimbizi nchini Kenya, kama wengi wetu hapa Nakivale.

Tunajifunza nini? Kifaa huhesabu, mwalimu huona. Simu haioni goti la mama linalouma, wala kijana aliyefunga na kuishiwa nguvu.

Asiye na fedha za mwalimu aitumie simu, si vibaya. Lakini asikose jicho la mtu: kaka, shangazi, au mwalimu wa michezo shuleni.