Sentimita Tatu

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka kwamba kijana mzima ameacha habari za mapenzi na siasa akaandika habari za ngazi, hebu nikuulize: leo umepanda vidato vingapi? Hujui. Hata mimi nisingejua, kama isingekuwa ile kazi ya Tanga.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa kama yalivyokuwa, nikaenda Tanga kumsaidia mjomba wangu ambaye ni fundi uashi. Usiku naandika riwaya (imefika sura ya sita na hapo imekwama), mchana nabeba zege. Tukapata kazi ya nyumba ya ghorofa moja: chini duka, juu wakae watu. Mwenye nyumba alitaka ngazi ambayo haipo kwa mtu mwingine yeyote mtaani. Alikuja na picha kaikata kwenye gazeti, ngazi ya Ulaya huko, vidato vimechomoza ukutani kama vinaelea hewani, hakuna hata mahali pa kushika. Mjomba akaitazama picha muda mrefu, kisha akauliza, "Mzee, humu ndani atakaa nani?" Akajibiwa: mke, watoto wanne, na mama mzazi. Mjomba akamrudishia picha yake. "Basi hii tumwachie mwenyewe. Mimi nitakupimia ya kwako."

Hapo ndipo nilipopewa kushika futi, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kutoka zege la chini hadi zege la juu zilikuwa sentimita 306. Ukigawa kwa 18 unapata 17 kamili, hesabu ya kupendeza. Lakini mjomba aliniambia, "Anza na tatu juu, ndipo uhesabu kumi na saba." Maana yake, sakafu ya chini na ya juu zingekuja kuongezewa lipu na marumaru, jumla sentimita tano, na vidato vyenyewe vingeongezewa sentimita mbili tu. Ile tofauti ya tatu lazima iwekwe tangu mwanzo. Mimi nilikuwa namfikiria mhusika wangu wa sura ya sita. Nikachora ukutani kwa chaki, kumi na saba, kumi na saba, hadi juu. Zege likamwagwa. Marumaru yakapigwa, yakang'aa. Kidato cha kwanza kikawa na kimo cha sentimita 14, cha mwisho 20, na vyote vya katikati 17. Kwa macho huoni kitu. Wiki ya tatu baada ya kuhamia, yule mama mzazi alitoka chumbani alfajiri kwenda kuchukua maji ya udhu, akashusha mguu, mguu haukukuta kidato mahali ulipokitegemea. Akavunjika mkono.

Nilinyamaza. Watu wakasema ni uzee, ni kanzu ndefu, ni giza. Mjomba alikwenda kumpa pole, akarudi kimya, hela iliyobaki ya kazi hakuidai. Mimi nikaanza kwenda maktaba ya mkoa kusoma habari za ngazi, kama mwizi anayekwenda kusikiliza kesi ya mwizi mwenzake.

Neno lenyewe kwanza. Sisi tuliosoma tunadhani kidato ni darasa la sekondari. Kumbe wakwezi wa minazi walikuwa na vidato kabla shule hazijafika: ni zile pengo anazochanja mkwezi kwenye shina ili aweke mguu. Na mkwezi huchanja kwa kadiri ya mguu wake mwenyewe. Hakuna ngazi iliyopimwa kwa mwenyewe kuliko hiyo. Mkwezi mfupi akichanja, mrefu ataipanda kwa kukereka.

Nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, zina jambo ambalo lilinifanya niisahau hatia yangu kwa muda. Ukiingia unapita daka, penye mabaraza ya kukaa, kisha tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango. Aghalabu kuna ngazi inayopanda kutoka hapo hapo hadi sabule, chumba cha mgeni. Mfanyabiashara aliyekuja na msimu wa kaskazi angeweza kukaa miezi akisubiri upepo ugeuke, akapanda na kushuka, akauza na kununua, bila hata siku moja kuwaona wake na binti za mwenyeji. Hao walikuwa ndani zaidi, ng'ambo ya kiwanda. Kwa hiyo aliyechora nyumba ile hakuanza na uzuri wa ngazi. Alijiuliza nani atapita hapa, na nani asipite. Nyumba na biashara chini ya dari moja, na ngazi ndiyo bawabu.

Na kwa nini ngazi nyingi za nyumba za zamani za Unguja zimesimama wima hivi, mpaka mgeni anashuka kinyumenyume? Jibu liko kwenye boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko haubebi umbali mkubwa, kama meta mbili na nusu hadi tatu hivi. Basi chumba kikawa chembamba, kuta nene, na ngazi ikapewa pembe iliyobaki. Hayo hayo maboriti yalipakiwa majahazini kutoka Lamu na Rufiji kupelekwa Arabuni na Ghuba, kwa hiyo mti wetu ulipanga upana wa vyumba hata huko. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 alitumia nguzo na mihimili ya chuma, ndiyo maana kumbi zake zikawa pana. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Sitaki kusema zaidi. Mafundi wamekwisha lisema.

Huko Rumi, karne ya kwanza kabla ya Kristo, alikuwako mjenzi na mwandishi aitwaye Vitruvius. Aliagiza vidato vya mbele ya hekalu viwe witiri, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili. Sababu? Mtu akianza kupanda kwa mguu wa kulia, afike juu kwa mguu wa kulia. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktabani hadi nikakaripiwa. Bibi yangu mimi angemwelewa Vitruvius mara moja, maana hakuna aliyeingia nyumbani kwake kwa mguu wa kushoto akasalimika na maneno.

Za wafalme nitazipita mbio. Katika kasri la Chambord, Ufaransa, lililoanza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François I, kuna ngazi mbili zilizosokotana kama kamba kuzunguka uwazi mmoja. Huyu anapanda, yule anashuka, hawakutani. Watu wengi wanaona mkono wa Leonardo da Vinci katika wazo hilo, ingawa alifariki mwaka huo huo. Kule Florence, Michelangelo alituma kielelezo cha udongo cha ngazi ya Maktaba ya Laurenziana, na mwenzake Ammannati akaijenga, yeye mwenyewe hayupo. Hilo lilinichoma kidogo. Michelangelo hakuwapo na ngazi ikatoka sawa. Mimi nilikuwapo, futi mkononi.

Mtu niliyekuwa nikimtafuta bila kumjua anaitwa François Blondel. Huyu alikuwa mtu wa hesabu na mhandisi, mkuu wa chuo cha usanifu kilichoanzishwa Paris mwaka 1671, wakati wa Louis XIV. Mihadhara yake ilianza kuchapwa mwaka 1675. Blondel aliwaza hivi: mtu akitembea mahali tambarare, hatua yake ni inchi 24 za Ufaransa ya siku zile, sawa na sentimita 65. Mtu huyo huyo akipanda ngazi ya kuegemeza ukutani, iliyosimama wima kabisa, kila kidato ni inchi 12. Kwa hiyo kupanda kunamchosha mara mbili ya kwenda mbele. Basi chukua kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa mahali pa kukanyaga, jumla iwe hatua moja. Basi, ndiyo hayo tu! Hesabu ya mtoto, na mpaka leo wachoraji wa majengo wanaitumia, wakiipunguza au kuiongeza kidogo. Nilichukua kalamu nikaipima ngazi yetu: kimo 17, mara mbili ni 34, mahali pa kukanyaga 30, jumla 64. Mjomba hajamsikia Blondel maisha yake yote. Ngazi aliyoiwazia ilikuwa sahihi. Iliyomwagwa ndiyo haikuwa.

Sheria za ujenzi za Marekani zimefika mbali zaidi. Katika kanuni wanazotumia sana, ngazi ya nyumba ya mtu huruhusiwa kimo hadi inchi 7 na robo tatu. Ya mahali pa biashara isizidi inchi 7, na pa kukanyaga pasipungue 11, maana huko hupita mgeni ambaye miguu yake haijaizoea. Lakini kwa zote mbili, tofauti kati ya kidato kirefu kabisa na kifupi kabisa isizidi tumni tatu za inchi. Hiyo haifiki sentimita moja. Mguu hujifunza ngazi kwa vidato viwili vya mwanzo, halafu hautazami tena. Yangu ilikuwa na tofauti ya sentimita sita.

Mtu atasema lifti imemaliza mambo haya. Elisha Otis alionyesha breki yake ya usalama New York mwaka 1854, akasimama juu ya jukwaa na kamba ikakatwa, na mwaka 1857 lifti yake ya abiria ikafungwa katika duka moja mjini humo. Kweli, baada ya hapo ngazi za majengo marefu zikafichwa nyuma ya milango. Ila wenye maduka wakagundua shida: mteja hapendi kupanda. Eva Jiřičná, mwanamke mzaliwa wa Zlín aliyehamia London mwaka 1968, aliitibu shida hiyo kwa chuma chembamba na vioo. Ngazi yake ya duka la Joseph, Sloane Street, ya mwaka 1989, ilishikiliwa na nyaya na vyuma kama daraja la kuning'inia, mwanga ukipita katikati. Mwaka 2002 kampuni ya Apple ikaweka ngazi ya vioo katika duka lake la SoHo, New York, na Steve Jobs mwenyewe jina lake limo katika hataza ya ngazi ya vioo. Ile picha ya gazetini ya mwenye nyumba wetu ilikuwa mjukuu wa hizo. Namwelewa. Alitaka watu waingie dukani watazame juu.

Nilipofunga kitabu cha mwisho nilimwendea mjomba jioni, amekaa anakunywa kahawa. Nikamwambia, "Mjomba, ile tatu sikuiweka." Akasema, "Najua. Nilipima siku ile nilipokwenda kumpa pole." Nikamuuliza mbona hakusema. "Nilikuwa nangoja wewe."

Tulibandua marumaru kwenye vidato vyote 17, tukachakura zege lishike, tukaongeza sentimita tatu juu ya kila kidato, tukapiga marumaru upya. Hesabu ikajirudi yenyewe: cha kwanza 17, cha mwisho 17. Saruji ilitoka kwenye mfuko wa mjomba na kwenye ujira wangu wa miezi miwili. Tukaweka na reli ya mninga ya kushika.

Siku ya kumaliza, yule bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya ngazi, mkono umefungwa bado. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba." Kisha akauliza, bila kunitazama, ile ya kwanza alipima nani.

"Mimi, bibi."

Akanyamaza kidogo, akaelekeza juu kwa mkono wake mzima. "Haya, panda wewe kwanza. Halafu ushuke, nikuone."

Nikapanda, nikageuka, nikaanza kushuka. Nilipofika chini alikuwa ameshasimama, kashika reli.