Ibada si wimbo pekee

Katika makanisa mengi ya Kenya na Tanzania, "kusifu na kuabudu" limekuwa jina la kipindi: nyimbo za haraka ndizo sifa, za taratibu ndizo kuabudu, na kinanda kikinyamaza watu husema tumemaliza kuabudu, sasa tusikilize neno. Lakini neno kuabudu lenyewe ni pana kuliko hapo. Abudu na ibada yametoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa abdi, yaani mtumwa. Kiini chake ni utumishi, muziki haumo. Muislamu huita ibada hata saumu na zaka, na Biblia ya Kiswahili, katika Warumi 12:1, hutumia neno hilohilo kwa mtu kuutoa mwili wake kwa Mungu.

Anayesema kwamba maneno hubadilika kwa matumizi hakosei, na kiongozi wa sifa anahitaji istilahi za kazi yake. Ila maana hii finyu inamnyang'anya muuza nafaka anayepima kwa haki, na muuguzi wa zamu ya usiku, jina la kazi yao ya Jumatatu. Waimbishaji, semeni "nyimbo za kuabudu". Neno ibada liachieni wiki nzima.